Nani Kashika Taa?

Mama alinicheka. Nilikuwa namsomea sura ya tatu ya riwaya yangu, ile ambayo binti wa miaka kumi na minne anaingia jikoni usiku kumpikia baba yake mgonjwa. Mwaka ni 1956, mahali ni hapa hapa Mungaa. Nilikuwa nimeandika, tena nikajiona fundi kwelikweli, kwamba binti yule aliwasha taa akaanza kuchambua mlenda. Mama alikuwa anapepeta mtama. Akausimamisha ungo hewani.

"Taa ipi hiyo?"

"Taa tu, mama. Ya kawaida."

"Haya. Na nani kaishika?"

Nilikaa kimya. Nimemaliza kidato cha nne, nimemsoma Shaaban Robert na Kezilahabi, nimejaza madaftari saba kwa mkono, lakini swali dogo la mama likanifungia sura nzima. Kama sijui mwanga ulitoka wapi, sijui binti yangu aliona nini. Na kama sijui aliona nini, basi nimeandika uongo. Nikaweka kalamu chini nikaanza kutafuta historia ya mwanga wa jikoni. Ndiyo, wa jikoni. Usinicheke na wewe.

Ndugu msomaji, wewe unayesoma haya ukiwa Sinza au Mbagala, umezoea kubonyeza swichi ukutani na mambo yakaisha. Unadhani taa ni kitu kinachokaa darini kikikusubiri. Siye huku hatukulelewa hivyo. Kwetu taa ya jikoni ilikuwa kitu kinachotembea, na miguu yake ilikuwa ya mtoto.

Wasomi waliokuja kutuandika Wanyaturu hawakunisaidia sana. Harold Schneider, Mmarekani aliyetoa kitabu chake juu yetu mwaka 1970, alitazama zaidi ng'ombe, nafaka na mahari, na jinsi kimoja kinavyogeuka kuwa kingine. Simlaumu. Taa ya jikoni haitolewi mahari. Nikaona heri nimwendee bibi, mzaa baba, ambaye mwaka huo wa 1956 alikuwa mtoto wa miaka minane hivi na alikuwepo, jikoni, usiku, kwa macho yake.

Bibi alianza kwa kunisahihisha. Hapakuwa na jikoni. Palikuwa na nyumba ya tembe, paa bapa la miti na udongo, fupi kiasi kwamba mtu mrefu huingia ameinama, na ndani yake mahali pa moto. Madirisha hayakuwepo. Mchana mwanga uliingia mlangoni ukaishia hatua chache tu. Usiku ulitoka kwenye mafiga. Na moto wenyewe ulikuwa na kazi nyingi: ulipika, ulifukuza baridi ya Juni na Julai, moshi wake ulilinda boriti zisiliwe na wadudu. Kumulika ilikuwa kazi ya ziada, kama mtu anayelipwa kulima akaombwa pia achote maji.

"Sasa mkitaka kuona ndani ya chungu?" nikauliza.

Bibi akaniangalia kama naulizia mdomo ulipo. Unachukua bua kavu la mtama, akasema, unalichomeka motoni, likishika unaliinua juu ya chungu. Linawaka kwa nguvu, labda kwa muda wa kuhesabu mpaka ishirini, basi. Ndani ya ishirini hizo unaangalia mboga, unaonja, unarudisha kifuniko. Ukitaka kwenda pembeni kutafuta chumvi unabeba kijinga cha moto. Mabua yaliwekwa rundo karibu na mlango, na kazi ya kuyachomeka na kuyainua ilikuwa ya watoto.

Nililala nikiyafikiria mabua hayo. Kumbe kabla mafuta ya taa hayajazoeleka, mwanga wa kupikia ulikuwa wa kuongezwa, kupunguzwa na kusogezwa mahali pa kazi, kwa muda wa kazi tu. Kazi nyingine hazikuungoja kabisa. Bibi anasema walisaga uwele kwenye jiwe kabla hakujapambazuka, gizani totoro, kwa sababu mikono ilikwisha kujua. Macho yalihitajika kwa vitu vichache: kiwavi kwenye jani, kijiwe kwenye mtama, uji unaotaka kumwagika.

Mafuta ya taa ni mgeni. Yalianza kutengenezwa kwa wingi Ulaya na Marekani katikati ya karne ya 19, yakaenea duniani kwa meli. Yalisafirishwa ndani ya mabati ya pembe nne yenye ujazo wa galoni nne, mawili mawili katika sanduku la mbao. Bati hilo, msomaji wangu, ndilo debe. Mafuta yalipokwisha watu hawakulitupa. Wakachotea maji, wakapimia mahindi, wakaezekea. Leo mkulima wa Ikungi akiuza alizeti kwa debe anatumia kipimo kilicholetwa na taa, na wala hajui. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 ikipitia Manyoni, kusini kwetu, na kutoka kwenye stesheni mizigo ikasambaa kwenye maduka ya Wahindi na Waarabu, hata debe moja moja likatufikia siye wa ndani.

Taa zenyewe zilikuja na majina ya kwao. Kandili ni neno la Waarabu, nao walilipokea kutoka lugha ya Warumi wa kale. Chemli tumelichukua kwa Waingereza. Kwao ni jina la bomba la moshi na la kile kioo kinachozunguka mwali. Karabai ndiyo ilikuwa mfalme. Kampuni ya Graetz ya Berlin ilianza kuuza Petromax yake karibu mwaka 1910, taa ya kupampu inayovuma kama nyuki na kuangaza uwanja mzima. Bibi anazikumbuka karabai harusini na dukani. Jikoni hakuwahi kuiona hata moja. Nani angeleta mfalme kwenye masizi?

Jikoni iliingia koroboi. Kopo la dawa au la maziwa, kifuniko kimetobolewa, kibomba cha bati, utambi wa pamba au wa khanga iliyochakaa. Haina kioo, haina kishikio cha maana, upepo ukipita inalia. Mwanga wake haufikii hata mshumaa mzuri, na asubuhi ukipenga kamasi unatoa wino. Nimekulia kwenye mwanga huo, kwa hiyo hapa sihitaji kumuuliza mtu.

Mimi ndiye niliyekuwa mtoto wa kike wa kwanza, basi mimi ndiye niliyeshika. Kila jioni. Mama alikuwa na lugha yake maalumu kwa kazi hiyo. Inua. Shusha. Njoo huku. Usinizibe. Sasa unamulika nini huko, unamulika ukuta? Nikiwa kidato cha pili mwalimu wa fizikia alitufundisha kwamba ukipunguza nusu ya umbali kati ya taa na kitu, mwanga unaokifikia kitu hicho unakuwa mara nne; ukiusogeza kutoka mita moja mpaka robo mita, unakuwa mara kumi na sita. Darasa zima liliandika bila kuelewa. Mimi nilitaka kusimama nipige makofi. Hiyo ndiyo ilikuwa "shusha" ya mama! Kikoroboi kile, duni kuliko mshumaa, kiliweza kuonyesha kijiwe ndani ya mtama kwa sababu kilishikwa inchi chache juu ya ungo na mtu mwenye masikio ya kusikia "huku, siyo huku".

Nimesema nilishika kila jioni. Si kweli. Nilishika mpaka darasa la nne. Usiku mmoja, wakati wa kuvuna, tulichelewa kurudi shamba na mama akawa anachambua maharage saa tatu. Nilisinzia nimesimama. Sikumbuki koroboi ikidondoka; nakumbuka mwanga ukiwa mkubwa ghafla. Mafuta yalimwagikia mkono wa kushoto wa mama na moto ukayafuata mafuta. Kovu liko mpaka leo, laini na lenye kung'aa, kutoka kwenye kiganja mpaka karibu na kiwiko. Hakunipiga. Ingekuwa afadhali angenipiga.

Alipopona hakumwambia tena mtoto yeyote ashike taa. Alichimba kishimo ukutani, upande wa kulia wa mafiga, akaitia koroboi humo, na kwa miaka mingi akapika amekunja shingo kuufuata ukuta. Wadogo zangu hawajui "inua, shusha". Ndiyo maana aliponiuliza nani kaishika, sikuwa na hakika kama anauliza habari ya binti wa riwaya.

Kulikuwa pia na nyakati ambazo hata cha kushika hakikuwepo. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba ifikapo mwisho wa 1976 kila mtu wa vijijini awe anaishi katika kijiji, siyo kutawanyika mashambani. Miezi hiyo hiyo, kuanzia Oktoba 1973 mpaka Januari 1974, bei ya mafuta duniani ilipanda karibu mara nne. Vitabu vya shule vinaeleza mambo haya katika sura mbili tofauti. Kwa bibi ni jambo moja. Alihamishwa kutoka kwenye tembe alilolijua kwa vidole, gizani, akapangwa kwenye nyumba mpya ambayo hajui hata msumari uko wapi, mwaka ule ule ambao mafuta ya kumulikia yalikuwa hayashikiki. Anasema kwa muda mrefu alijigonga. "Nyumba ilikuwa haijanijua," ndivyo anavyosema. Sentensi hiyo nimeiiba, imo ndani ya riwaya, na yeye nimemwambia.

Kisha zamu yetu. Katika bajeti ya 2011 serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa kutoka shilingi 52 kwa lita mpaka shilingi 400 na senti. Sababu ilikuwa uchakachuaji: mafuta ya taa yalikuwa rahisi mno kuliko dizeli, wajanja wakawa wanayachanganya na kuua injini za watu. Hoja hiyo naielewa, hata injini zinastahili huruma. Ila jikoni kwetu hakukuwa na injini. Mama alibadilisha saa ya kula. Tukaanza kupika saa kumi jioni, jua lingali juu, tukala ugali uliopoa saa mbili usiku, na koroboi ikawa ya mgonjwa, ya mgeni na ya nyoka. Nilikuwa nimeanza kuandika vihadithi wakati huo. Niliviandika mchana nikiwa nachunga.

Wenzangu wa mjini mtauliza, na umeme? Wakala wa Nishati Vijijini, REA, uliundwa kwa sheria ya mwaka 2005 ukaanza kazi 2007. Ile njia kubwa ya kilovolti 400, kilomita 670 kutoka Iringa kupitia Dodoma na Singida mpaka Shinyanga, ilijengwa katikati ya miaka ya 2010. Umeme mkubwa namna hiyo ukawa unakatiza mkoa wetu huku jikoni kwetu mama kakunja shingo. Nguzo za kitongojini kwetu zilifika baadaye, nikiwa nimekwisha kumaliza shule. Kuunganishwa kulikuwa shilingi 27,000. Kazi ikawa kufunga waya ndani.

Fundi alikuja Jumamosi. Akamuuliza baba taa ziwekwe wapi. Baba akaonyesha: sebuleni, chumbani, barazani. Mama alikuwa amesimama pale pale na sinia la uji wa fundi. Jikoni, ambako yeye hukaa kuanzia magharibi mpaka saa tatu usiku, hapakutajwa. Si ubaya, ni mazoea. Jiko letu liko nje, kama mita nane kutoka nyumba kubwa, na waya ni hela. Miezi mingi ikapita ndipo baba, kwa roho safi kabisa, akavuta laini mpaka jikoni na kufunga balbu moja katikati ya paa. Siku hiyo tulipiga vigelegele. Jiko likawaka kama duka.

Mama akakaa mafigani, akafunua sufuria, akatazama. Kisha akasema polepole, "Afadhali koroboi."

Nilikasirika. Nilimwona hana shukrani. Ilibidi nikae kwenye kigoda chake ndipo nielewe. Mafiga yako karibu na ukuta. Ukiyaelekea, balbu inakuwa nyuma yako, juu. Mwili wako unakaa katikati ya taa na chungu. Kuta zilionekana zote, buibui walionekana, mbuzi mlangoni alionekana. Kisichoonekana ni mboga. Mama alikuwa anapika ndani ya kivuli chake mwenyewe. Umeme ulikuja na nguvu zote, ila hakuna aliyeuambia "shusha, njoo huku".

Hapo ndipo nilipoanza kusaka kwenye simu kama kuna mtu yeyote duniani aliyewahi kuwaza taa ya jikoni inayosogea. Yuko. Mwaka 1926, katika mji wa Frankfurt, Ujerumani, mwanamke wa Kiaustria aitwaye Margarete Schütte-Lihotzky alisanifu jiko dogo kwa ajili ya nyumba za wafanyakazi, takribani mita 1.9 kwa 3.4. Alipima kazi za mpishi kwa saa, hatua kwa hatua. Akaweka meza ya kazi chini ya dirisha, kiti cha kuzunguka, na juu, darini, taa inayoteleza kwenye reli, ili mpishi aivute pale alipo. Majiko kama hayo yalijengwa yapata 10,000. Nilimsomea mama. Nilipofika mahali ambapo mwanamke huyo mwenyewe alikiri baadaye kwamba kabla ya kuchora jiko lile hakuwahi kuendesha nyumba wala kupika, mama akaguna. "Ndiyo maana alipima," akasema. "Anayejua hapimi, anaumwa shingo tu."

Na sasa sikiliza maajabu. Mkuu wa kazi ile yote ya Frankfurt, aliyemwajiri Lihotzky, alikuwa msanifu aitwaye Ernst May. Mwaka 1934 May alihamia Tanganyika, akalima kahawa karibu na Arusha. Baadaye akafanya kazi ya usanifu akiwa Nairobi. Jengo la makao makuu ya ushirika wa kahawa wa KNCU pale Moshi, lililokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1950, ni kazi yake. Yaani kiongozi wa mradi uliotoa taa ya kuteleza aliishi nchi hii hii, siku chache tu za safari kutoka kwenye rundo la mabua la bibi. Simsingizii jambo. Nasema tu kwamba miaka hiyo mtoto wa Mungaa alikuwa anainua bua juu ya chungu, akifanya kwa mkono ile kazi ya reli.

Reli sina. Nina waya wa kufungia nondo. Nilisokota nyuzi tatu nikaukaza kutoka nguzo moja ya jiko mpaka nyingine, nikatia pete ya chuma, na kwenye pete nikaning'iniza taa ndogo ya sola, zile zenye kishikio. Umeme wa waya sikuuthubutu juu ya mvuke na masizi. Taa zenyewe zina historia: mwanga mweupe wa namna hii uliwezekana baada ya Mjapani Shuji Nakamura kutengeneza kitaa cha bluu chenye nguvu mwaka 1993, na yeye na wenzake wawili, Isamu Akasaki na Hiroshi Amano, wakapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Ukikifunika kitaa hicho kwa unga wa manjano unaong'aa, bluu na manjano vinachanganyika, jicho linaona nyeupe. Haidondoshi mafuta. Mtoto akisinzia, akisinzia tu.

Jaribio la kwanza liliharibika. Niliupitisha waya juu ya mafiga kabisa. Mvuke ukaifunika taa ukungu, na siku ya tatu plastiki yake ikaanza kujikunja. Nikauhamisha waya mbele ya mama, karibu na ukuta, mbali na moto kiasi cha hatua moja. Halafu mama akasema kivuli cha kisu kinamsumbua. Ni kweli, anakata kwa mkono wa kulia, na taa nilikuwa nimeifunga isisogee kushoto. Nikaondoa fundo. Mwisho nikaongeza mnyororo mfupi wa vitanzi vya waya ili taa ipande na kushuka. Haikugharimu kitu ila taa yenyewe. Sasa mama akitaka mwanga anaisukuma pete kwa mpini wa mwiko, bila kuinuka, bila kumwita mtu. Taa ile ndogo, ikiwa nusu mita juu ya ungo, inamwonyesha kijiwe ambacho balbu kubwa ya katikati haikumwonyesha. Jirani yetu mmoja amekwisha kuja na waya wake.

Sura ya tatu nimeiandika upya. Binti hawashi taa. Yuko kwenye tembe, na mdogo wake wa kiume, ambaye sikuwa naye kabisa katika rasimu ya kwanza, amekaa na rundo la mabua ya mtama akisubiri kuambiwa. Kila bua ni hesabu ya ishirini. Ndani ya bua la kwanza binti anaona mlenda una wadudu. Ndani ya la pili anauona uso wa mdogo wake kwamba amelia. La tatu linazimika kabla hajauliza kwa nini. Nilimsomea bibi na mama pamoja. Bibi alisema mabua kumi na mawili ni mengi mno, mtu angechapwa kwa ubadhirifu. Nimeyapunguza yakawa saba. Mama hakusema kitu. Aliniomba nirudie pale mtoto anaposinzia.

Siku hizi naandika jikoni, usiku, nimekaa kwenye kinu kilichopinduliwa, maana mwanga mzuri kuliko wote nyumbani uko huko. Ila taa ni moja. Ugali ukikaribia kuiva mama anaivuta upande wake, pete inalia juu ya waya, na daftari langu linabaki gizani katikati ya sentensi. Nasubiri.